Oili Nyepesi

Yapo mambo ambayo mtu huyarithi bila kuachiwa wosia. Marehemu baba yangu aliniachia saa ya mkononi, kipande cha shamba na imani moja kubwa: kwamba oili nzuri ya injini ni oili nzito. Saa iliibwa. Shamba tuligawana na ndugu zangu. Imani ile nilibaki nayo mwenyewe kwa zaidi ya miaka thelathini, sikuigawa wala sikuichunguza, hadi asubuhi moja ya baridi iliponitia aibu nyumbani kwa wakwe zangu.

Baba alikuwa dereva wa malori. Katika miaka ya 1970 alisafirisha mizigo kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani na Zambia, na sisi tuliokuwa Morogoro tulimwona alipopita tu, usiku mmoja akienda na usiku mmoja akirudi. Lori lake lilikuwa na injini kubwa ya dizeli, nayo ilinyweshwa oili namba 40. Nilipokuwa kijana alinionyesha namna ya kuijaribu. Alichovya kidole cha shahada, akakisugua na dole gumba, kisha akavitenganisha taratibu. Oili ikivutika kama asali, ilikuwa oili. Isipovutika, aliimwaga chini huku akisonya. "Oili ikiwa maji," alisema, "chuma kitakula chuma."

Nisingependa msomaji amcheke mzee wangu. Kwa injini ile alisema kweli tupu. Nafasi kati ya vyuma vyake zilikuwa kubwa, mzigo ulikuwa mkubwa zaidi, na mlima Kitonga haujapata kumhurumia dereva yeyote. Kosa halikuwa lake. Kosa lilikuwa langu mimi niliyechukua jawabu la swali moja nikalijibia kila swali. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa mwalimu wa hisabati.

Nilistaafu mwaka 2015. Kwa sehemu ya kiinua mgongo changu niliagiza Toyota IST iliyotengenezwa mwaka 2008, gari dogo jeupe la injini ya lita moja na nusu, la aina ile iliyojaa katika barabara zetu. Lilikuja na kitabu chake ndani ya kabati la dashibodi. Nilikifungua, nikaona Kijapani kuanzia jalada hadi jalada, nikakifunga. Tangu siku hiyo kazi ya kitabu kile ikawa kukandamiza risiti zisipeperuke.

Gari nikalipeleka kwa kaka. Namwita kaka ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Alikuwa utingo wa baba tangu akiwa na miaka kumi na minane. Alikula kwetu, alilala kwetu, na baba alipoacha barabara yeye alifungua gereji chini ya mwembe, ambayo ipo mpaka leo. Siku tuliyomzika baba, jeneza tulilishika yeye na mimi upande wa mbele. Kwa hiyo alipofunua boneti ya gari langu na kusema, "Mwalimu, hii tuitie 20W-50, injini itulie," sikusikia neno la fundi. Nilisikia neno la baba.

Ikawa hivyo kwa miaka miwili. Kila nilipokumbuka nilikwenda kumwaga oili. Nasema kila nilipokumbuka kwa kuwa hilo nalo ni sehemu ya kosa. Mara nyingine ilikuwa baada ya kilomita elfu tano, mara nyingine elfu tisa. Oili nzito, nilijiambia, huvumilia.

Mwezi Julai 2017 mimi na mama watoto tulikwenda Njombe kumwangalia mama yake, aliyekuwa mgonjwa. Njia ilikuwa ileile ya baba: Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako, na hapo unaiacha barabara kuu unashika kushoto. Baridi ya Njombe mwezi wa Julai si ya kusimuliwa. Usiku wa pili, saa kumi alfajiri, hali ya mkwe wangu ilibadilika akawa anahema kwa shida. Tulimfunika mablanketi mawili, tukamkalisha kiti cha nyuma akimwegemea binti yake, nami nikageuza ufunguo.

Injini ilizunguka kivivu, kama mtu anayetwanga huku amechoka. Haikuwaka. Nikageuza tena, haikuwaka. Shemeji zangu walikuwa wamesimama nje na tochi, na hakuna aliyesema neno. Mara ya tatu ikawaka, lakini taa nyekundu ya oili ilichelewa kuzimika, na mbele ya injini ikatoka sauti ya kugongagonga kama kokoto ndani ya kopo. Ilidumu sekunde kadhaa, kisha ikanyamaza. Tulifika hospitali. Mama alitiwa oksijeni, akapata nafuu, akaishi miaka mitatu zaidi. Lakini zile mara tatu za ufunguo sijazisahau, wala kimya cha shemeji zangu. Betri yangu nayo ilikuwa imezeeka, kwa hiyo sitaitwisha oili mzigo wote. Hata hivyo, ile sauti ya kokoto haikuwa ya betri.

Tuliporudi Morogoro nilijiambia kwamba kaka ana kazi nyingi, nisimsumbue. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwuliza swali ambalo lingemgusa baba kaburini. Nikampelekea gari kijana mmoja niliyemfundisha sekondari, aliyesomea ufundi wa magari chuoni. Aliniamkia, akafungua kifuniko cha oili, akamulika kwa simu. Ndani, vyuma vilikuwa vimegandwa na utope mweusi kama masizi ya sufuria.

"Mwalimu, kitabu cha gari kiko wapi?" aliniuliza.

"Kipo, lakini ni cha Kijapani."

"Na namba nazo ni za Kijapani?"

Sikuwa na jibu. Alikitoa chini ya risiti, akaenda kurasa za mwishoni, akaweka kidole kwenye jedwali. Herufi zile sikuzijua hata moja, lakini namba nilizisoma zote: 0W-20, 5W-20, 5W-30, 10W-30. Kando yake, ujazo wa oili pamoja na filta: lita 3.7. Yote yalikuwa yameandikwa kwa tarakimu zilezile nilizozifundisha kwa miaka mingi. 20W-50 haikuwamo.

Jioni ile kijana alikuwa mwalimu nami nikawa mwanafunzi, na niliyoelezwa nikayasoma zaidi baadaye. Namba hizi ni za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE, kilichoanzishwa mwaka 1905. Herufi W ni mwanzo wa neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake inaeleza jinsi oili inavyokwenda ikiwa baridi. Oili ya 20W hupimwa kama itairuhusu injini kuzunguka kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, ile ya 0W kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Namba ya mwisho inahusu oili iliyokwisha kupata moto. Kwenye joto la nyuzi 100 mnato wa oili ya 20 ni kati ya 6.9 na 9.3 kwa kipimo kiitwacho sentistoki, na wa oili ya 50 ni kati ya 16.3 na 21.9. Yaani ile niliyokuwa nikiitumia ilikuwa nzito karibu mara mbili au zaidi ya oili ya kwanza iliyotajwa kitabuni, hata injini ikiwa imepata moto.

Mtu wa kwetu atauliza, nami niliuliza: sisi theluji tunaijua kwa kuitazama kileleni Kilimanjaro, hiyo sifuri ya nini? Jibu lilinishangaza. Kwa injini, asubuhi zote ni za baridi. Injini imetengenezwa kufanya kazi oili ikiwa karibu na nyuzi 100. Morogoro yenye nyuzi 20 alfajiri, kwake ni kipupwe. Katika joto la kawaida la kwetu, oili ya 20W-50 ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko 0W-20. Na ni hapo gari linapowashwa, oili yote ikiwa imeshukia chini usiku kucha, ndipo vyuma vinapoihitaji ipande upesi.

Tena injini hizi ndogo za siku hizi oili hazitumii kwa kulainisha tu. Huitumia kama mkono. Presha ya oili ndiyo inayokaza cheni ya taimingi, na ndiyo inayougeuza mkao wa kamshafti katika mfumo ule ulioandikwa VVT-i juu ya injini. Oili hupita katika vijia vyembamba na chujio dogo. Nafasi kati ya kranki na beringi zake hupimwa kwa sehemu za mia za milimita. Kokoto nilizozisikia Njombe, alisema kijana, ni cheni na gia ya kamshafti vikiingoja oili ifike. Vilikuwa vikigonga mlango, na aliyetumwa alikuwa bado anajikongoja njiani.

Haya yasimfanye mtu aiabudu oili nyepesi. Watengenezaji wa magari hawakuipenda kwa ajili ya ulinzi peke yake. Serikali za nchi zao ziliwabana wapunguze petroli inayochomwa, na injini inayokoroga oili nyepesi hupoteza nguvu kidogo. Faida kwa dereva mmoja ni asilimia chache tu, lakini kwa mamilioni ya magari ni bahari nzima. Ndiyo maana mwaka 2013 SAE iliongeza daraja la 16, na mwaka 2015 la 12 na la 8, mepesi kuliko yote. Ili oili nyembamba hivyo iweze kulinda chuma, lazima iwe imetengenezwa vizuri, na hapo ndipo inapoingia oili ya sintetiki. Hiyo husafishwa au kuundwa upya kiwandani hata chembechembe zake zikakaribia kufanana, nta inayogandisha oili kwenye baridi ikaondolewa, na moto ukawa hauiharibu upesi. Wembamba wake ni wa makusudi, si wa kuchakachuliwa.

Nilitoka pale na moto wa mwongofu mpya. Nilinunua sintetiki ya 0W-20, na bei yake ilinifanya nivue miwani niisome mara ya pili. Kijana alinishauri tuanze na 5W-30, kwa sababu injini ilikuwa imetembea sana. Sikumsikiliza. Nilikwisha kukosea upande mmoja, sasa nilitaka kukaa mbali nao kadiri iwezekanavyo. Wiki ya kwanza ilikuwa raha tupu. Gari liliwaka kwa mguso, kimya, na kokoto hazikusikika tena. Wiki ya tatu niliona doa jeusi uani. Wiki ya tano jirani aliniambia kwamba asubuhi gari langu linatoa moshi wa bluu. Nikachomoa stiki ya oili: ilikuwa karibu na alama ya chini. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Nililipeleka kwa kaka. Sikumwambia kitu. Alichomoa stiki, akachovya kidole, akasugua, akatenganisha. Mkono ulikuwa wa baba kabisa. Kisha akaniangalia.

"Mwalimu, hii oili si yangu."

"Si yako, kaka."

"Umeiweka lini?"

Nikamweleza yote: Njombe, ufunguo, shemeji na tochi, utope ndani ya kifuniko, kitabu. Nilitarajia akasirike. Alikaa juu ya tairi kuukuu akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Miaka miwili," alisema, "umekuja hapa na kitabu ndani ya gari. Mimi shule niliishia la nne. Ningejuaje kwamba namba zimo? Wewe ndiye msomaji. Ungenisomea."

Maneno hayo yalinichoma kuliko angenitukana. Maana nilikuwa nimeanza kujiona mtu aliyedanganywa na fundi asiyejua, kumbe fundi alikuwa amenyimwa kitabu na mwalimu asiyesoma. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, ila mkuu alikuwa amelisema kwa safari nyingine.

Tukakifungua kitabu pale pale chini ya mwembe. Nilimsomea zile namba nne na kumweleza maana zake. Alipofika zamu yake naye alinisomesha. Injini hii, alisema, ilikwisha kutembea kilomita nyingi Japani kabla hujaiona. Sili zake za mpira zimekauka, ringi za pistoni zimelegea. Oili nzito ilikuwa imeziba uchakavu kama viraka vinavyoziba ndoo, na ile nyepesi imefunua mashimo yalikokuwa. Haikuyatoboa yenyewe. Tena alinipa sharti: kila Jumamosi nipime stiki, kwa sababu gari linalokula oili haliuawi na namba iliyoandikwa kwenye kopo, huuawa na oili iliyokwisha ndani ya sampu huku mwenyewe akiringia namba.

Alinifundisha na jambo lingine ambalo halimo katika kitabu chochote cha Kijapani. Oili bora kuliko zote si kitu ikiwa kopo limejazwa na mtu uchochoroni. Alinionyesha jinsi ya kutazama mfuniko na lakiri yake, na jinsi ya kutafuta ile alama ya duara ya taasisi ya mafuta ya Marekani, API, yenye namba ya uzito katikati na herufi za daraja juu. Herufi ya pili ikizidi kwenda mbele katika alfabeti, oili ya petroli ni ya kizazi kipya zaidi. SP, kwa mfano, ilianza mwaka 2020. Nilikumbuka kwamba kila alipomaliza kunifanyia sevisi alitoboa kopo tupu kwa bisibisi. Nilikuwa nikidhani ni mchezo wake. Alikuwa akihakikisha kopo lile halitajazwa uchafu na kuuziwa mtu mwingine.

Tulibadilisha sili mbili, tukasafisha valvu ya VVT na chujio lake, tukaweka sintetiki ya 5W-30, namba iliyomo kitabuni na inayouelewa umri wa gari, kama kijana alivyoshauri mwanzoni. Tulikubaliana tuibadilishe kila kilomita elfu tano, kwa sababu safari zangu ni fupi, vumbi ni jingi, na injini ilikuwa bado inajisafisha. Doa la uani lilikoma. Moshi ulipungua ukabaki wa kutafutwa. Gari bado ninalo. Asubuhi nikiwasha nasikiliza kwanza, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akipumua.

Wiki ile ile nilimpelekea kaka ubao mdogo na kasha la chaki. Tuliutundika kwenye shina la mwembe. Kila mteja anapokuja anaulizwa kitabu. Kikiwa cha Kijapani kinaletwa kwangu jioni, tunatafuta jedwali, na namba inaandikwa ubaoni: aina ya gari, injini, oili, lita. Kwa gari lililochakaa kaka huongeza alama yake kando, maana yake twende namba moja juu lakini tusitoke ndani ya kitabu. Yule kijana aliyesomea chuoni huja Jumamosi kutazama ubao. Wawili hao hubishana sana, nami hukaa katikati yao nikiwa na chaki.

Mwaka 2022 binti yangu alinunua gari lake la kwanza, jipya kuliko langu kwa miaka mingi na lililotembea kidogo. Kwenye kifuniko chake cha oili imechapwa 0W-20. Alilileta kwa kaka, ambaye anamwita baba mkubwa. Kaka alitazama kifuniko, akatazama ubao, akafungua kopo la 0W-20 bila kuniuliza. Kabla ya kumimina alichovya kidole, akakisugua na dole gumba, akavitenganisha. Haikuvutika hata kidogo.

"Mzee angeimwaga hii," alisema.

"Angeuliza kwanza ni ya gari gani," nikamjibu.

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akaimimina taratibu mpaka ya mwisho. Kisha akachukua bisibisi akatoboa kopo.